Kufundisha wanafunzi kusoma kwa makini: maswali ambayo walimu wananiuliza kila mara

Nafundisha Kiswahili sekondari hapa Nairobi, na haya maswali yananijia kwa simu, kwa stafurumu, kwa semina, hata kwa wazazi siku ya kuchukua ripoti. Nimeyaweka pamoja ili nikiulizwa tena nitume hii. Mengine nimeyajibu kwa urefu kwa sababu ndiyo yanayosumbua zaidi, mengine ni mafupi.

Kusoma kwa makini ni nini hasa? Si mtoto akijua kusoma anasoma?

Watoto wetu wengi wanajua kusoma, mpe gazeti atakusomea kwa sauti mpaka mwisho bila kukwama. Sasa muulize: mwandishi hapa anamlaumu nani? Anakuangalia tu.

Kusoma kwa makini ni kuchukua kipande kifupi na kukaa nacho. Unakirudia, unaangalia neno gani limetumika na ni lipi lingeweza kutumika badala yake, sentensi imeanza na nani, nani ametajwa na nani amefichwa, ni nini kimerudiwa, ni nini ulitarajia ukipate hapo na hakipo. Na chochote utakachosema kuhusu hicho kipande uwe tayari kuonyesha mstari uliokitoa. Darasani kwangu tunasema "weka kidole". Mwanafunzi akisema mhusika ni mkatili, naam, weka kidole, ni wapi? Kama kidole hakina pa kukaa basi bado hatujasoma, tumekisia.

Nianze na kifungu gani?

Kifupi, mistari mitano hadi kumi. Usianze na sura nzima ya riwaya, hapo mtakimbia mkimbizana na matukio na mtasahau maneno.

Mimi napenda kuanza na methali, kwa sababu ni kifungu kizima ndani ya maneno matatu manne. Chukua "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Wanafunzi wote wanaijua, na wakiulizwa maana wanajibu haraka, ati wageni wana baraka. Sawa, lakini sasa tusome kilichoandikwa. Apone nini? Mtu hupona akiwa mgonjwa au akiwa kwa shida, kwa hivyo mwenyeji alikuwa na shida gani kabla mgeni hajafika? Methali haisemi. Halafu nani anaongea hapa, nani anamwambia mgeni "njoo"? Ni mwenyeji mwenyewe, ama ni watoto wa hiyo nyumba wanaojua siku ya mgeni ndiyo siku ya kuku? Darasa likifika hapo limeshaanza kusoma, na hata hujagawa karatasi.

Vitu vingine vinavyofaa: tangazo lililobandikwa kwa geti, notisi ya landilodi kuhusu maji, maandishi ya nyuma ya matatu, aya moja ya gazeti la Taifa Leo. Kitu cha muhimu ni kifungu kiwe na jambo ambalo halijasemwa wazi, kwa sababu kama kila kitu kimeelezwa hakuna cha kutafuta na watoto watachoka.

Kipindi ni dakika 40. Unakigawanyaje?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote kwa hivyo nitatumia kifungu kamili. Hiki nimekiandika mwenyewe na unaruhusiwa kukitumia:

*Baba aliingia akaketi. Mama aliondoa sahani ya tatu mezani. "Chakula kimepoa," alisema. Baba aliutazama mlango. Nje mvua ilikuwa imeanza tena, na viatu vya Juma bado vilikuwa barazani.*

Kwanza nakisoma kwa sauti, polepole. Mwanafunzi mmoja anakisoma tena. Mara ya tatu kila mtu anasoma kimya akiwa na penseli mkononi, anapiga mstari chini ya chochote kilichomshika. Hapo hakuna anayeeleza kitu, na mwalimu pia hasemi chochote. Hiyo ni kama dakika nane hivi.

Baadaye naandika ubaoni maswali matatu, na tunayafuata kwa mpangilio huu huu bila kuruka: Umeona nini? Umeona wapi? Basi inakuambia nini?

Kwa "umeona nini" sitaki maana, nataka vitu vilivyo kwa karatasi tu. Kuna sahani tatu. Wanaoonekana ni wawili. Mama anaongea, baba haongei hata neno moja. Jina la Juma linakuja mwisho kabisa. Kuna "tena" na kuna "bado". Mwanzoni hayo maneno madogo hakuna anayeyataja, wanaona ni kama vumbi, inabidi uwangoje. Akitokea mmoja aseme "mwalimu, hapa wameandika mvua imeanza *tena*", mwandikie ubaoni kwa herufi kubwa, kwa sababu huyo ameona kwamba kulikuwa na mvua kabla, ikaisha, na hawa watu wamengoja muda wote huo. Neno moja limebeba jioni nzima.

Sasa tunaingia "basi inakuambia nini" na hapa darasa linagawanyika, na ndivyo unavyotaka. Wengi husema Juma ametoka na hajarudi. Weka kidole: sahani ya tatu inaondolewa, baba anatazama mlango. Halafu anatokea mtoto mmoja, mara nyingi wale wa nyuma, anauliza, sasa kama ametoka mbona viatu vyake viko barazani? Kwetu viatu vikiwa nje mwenye viatu yuko ndani. Kwa hivyo labda Juma yuko chumbani, amekataa kula, na ule mlango baba anaoutazama ni mlango wa chumba. Rudini kwa kifungu muangalie, kimesema "mlango" tu, hakikusema wa wapi. Mwingine atasema hapana, Juma aliondoka pekupeku, alifukuzwa ama alikimbia, na ndiyo maana wanasema "bado", viatu vinamngoja. Kidole kinakaa hapo pia.

Na atakuwepo wa kusema Juma alikufa. Usimkatalie. Muulize, je, kama Juma alikufa zamani, hiyo sahani iliwekwa mezani na nani leo? Darasa litamjibu lenyewe: iliwekwa na mtu aliyetarajia atakula. Mmoja anaweza kumtetea aseme mama mwenye majonzi huendelea kuweka sahani. Sawa, inawezekana, lakini angalia jinsi hiyo maana inahitaji uongeze vitu vingi ambavyo kifungu hakikupa, na zile zingine mbili hazihitaji. Hapo umewafundisha kupima, bila kumwambia mtu yeyote "umekosa".

Dakika kumi za mwisho ni za kuandika. Aya moja, mtu achague maana moja aitetee kwa vitu vitatu vilivyo kwa kifungu. Usiache hii sehemu hata kama kengele inakaribia, bora ukate majadiliano, juu mtoto anayeongea vizuri na haandiki hajamaliza kusoma.

Nikiuliza "umeona nini" wananyamaza wote. Nifanye nini?

Ngoja. Najua ni ngumu, kimya cha darasa kinatisha mwalimu kuliko kelele. Mary Budd Rowe, mtafiti wa Marekani, alichunguza hili jambo miaka ya 1970 akakuta walimu wengi wakiuliza swali wanangoja kama sekunde 1 tu kabla ya kulijibu wenyewe ama kumrukia mwanafunzi mwingine, na walimu walipojizoesha kungoja sekunde 3 au zaidi majibu ya wanafunzi yakawa marefu, na hata wale waliokuwa hawaongei wakaanza kuongea. Sekunde 3 ni kidogo sana ukizitaja, lakini zihesabu ukiwa umesimama mbele ya watoto hamsini uone.

Kimya kikizidi, waambie wageukiane wawili wawili, dakika mbili, kila jozi ilete kitu kimoja ilichoona. Mtoto anayeogopa kukosea mbele ya darasa haogopi kumnong'onezea mwenzake wa deski moja. Ila usijibu kwa niaba yao. Ukijibu mara moja wameshajua kwamba wakinyamaza utajibu, na mwaka mzima utafundisha peke yako.

Mwanafunzi akiniambia "mwalimu, hayo ni maoni yangu na kila mtu ana maoni yake"?

Maoni yake yanakaribishwa na lazima yaje na mstari. Kifungu kinaruhusu maana kadhaa, na nyingine kinazikataa kabisa, kama ulivyoona kwa Juma. Wanafunzi wakielewa hivyo hawagombani tena kuhusu nani ni mwerevu, wanarudi wote kuangalia karatasi. Na hiyo sheria inakufunga hata wewe mwalimu, ukisema kitu wakuulize "weka kidole" na ukose pa kuweka, kubali useme tuendelee kutafuta. Heshima yako haipungui.

Niwape kwanza historia ya mwandishi na mambo ya wakati huo, ama nianze na kifungu?

Anza na kifungu, historia ije baadaye, lakini ije.

Hili ni bishano la zamani. I. A. Richards, mwalimu wa Cambridge kule Uingereza, aliwapa wanafunzi wake mashairi bila jina la mwandishi wala mwaka, akawaambia waandike wanachoona. Kitabu chake cha 1929 kilionyesha jinsi hata wanafunzi wa chuo kikubwa vile walivyokuwa wakijaza mashairi na mawazo yao wenyewe bila kusoma kilichoandikwa. Wafuasi wa njia hiyo Marekani walienda mbali zaidi, wakasema maisha ya mwandishi na nia yake visiingizwe kabisa, shairi lijisimamie.

Hapa Nairobi hatuwezi kuimeza hiyo nzimanzima na tuna sababu. Oktoba 1968 Ngũgĩ wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba waliandika waraka pale Chuo Kikuu wakidai Idara ya Kiingereza ivunjwe, Afrika iwekwe katikati na fasihi simulizi ifundishwe kama fasihi kamili. Walikuwa wanauliza ni maandishi ya nani yanastahili kusomwa kwa makini, na unayasoma ukiwa umesimama wapi. Hilo swali bado ni letu. Mtoto wa Kayole akisoma "viatu viko barazani" analeta ujuzi wa nyumbani kwao, na ule ujuzi ndio uliofungua kifungu. Kwa hivyo mimi sikatai muktadha, ninachokataa ni kuutoa mapema mpaka mtoto haoni haja ya kusoma, juu ukishamwambia "hii hadithi inahusu ufisadi baada ya uhuru" ataona ufisadi kila mahali hata pale mhusika anakunywa chai.

Ushairi wanauogopa kabisa. Nitaanzia wapi?

Anzia kwa nani anaongea na nani. Nafsineni na nafsinenewa, hayo mawili kwanza, kabla ya kitu kingine chochote. Ukishajua ni mama anamwambia mwanawe, ama ni mfanyakazi anamwambia bosi, nusu ya shairi imefunguka.

Kisha waandike ubeti mmoja kwa lugha ya nathari, maneno yao wenyewe. Mtihani huuliza hilo, lakini mimi nalitumia kama njia ya kusoma, kwa sababu huwezi kuandika upya kitu ambacho hujakielewa na mahali utakapokwama ndipo pa kuchimba.

Shida kubwa ninayoona ni kuwinda majina. Mtoto anapita kwa shairi na fimbo anahesabu: tashbihi moja, takriri mbili, inkisari (neno lililofupishwa) hapa, tabdila (neno lililobadilishwa umbo) pale, amemaliza, na ukimuuliza shairi linasema nini hajui. Kutaja takriri ni mwanzo tu. Swali linalofuata ni: hilo neno limerudiwa mara nne, je, mara ya nne bado lina maana ile ya kwanza? Na mshairi akifupisha neno ili mizani, yaani idadi ya silabi, itoshe, mbona amefupisha hili na si lile? Mara nyingine jibu ni mizani tu, na hiyo ni sawa, mtoto ajue pia kwamba si kila kitu kina siri.

Na tafadhali msiwaambie watoto kwamba kusoma hivi ni kitu cha kigeni. Mombasa ya mshairi Muyaka bin Haji, huyu aliyefariki 1840, watu walikuwa wanajibizana kwa mashairi ya mafumbo kuhusu siasa za Wamazrui waliotawala Mombasa na Seyyid Said wa Oman, na usipolifumbua fumbo la mwenzako vizuri jibu lako linaenda kando na mji mzima unajua. Baadaye Mwalimu Sikujua akayakusanya mashairi hayo na kuyafafanulia maneno yake. Huko ni kusoma kwa makini, kulikuwa hapa pwani kabla Richards hajazaliwa.

Sarufi inaingia wapi? Ama hiyo ni kipindi kingine?

Ingiza hapo hapo! Hii ndiyo sehemu ninayoipenda zaidi na walimu wengi wanaipoteza. Tunafundisha kauli za vitenzi Jumatatu na ufahamu Alhamisi kama vitu visivyojuana, halafu tunashangaa mbona mtoto anajua kunyambua na hajui kusoma. Kiswahili kimeweka mambo mengi ndani ya kitenzi, kwa hivyo msomaji wa Kiswahili asiyeangalia kitenzi amepitwa na nusu ya habari.

Waandikie hizi nne ubaoni:

Vibanda vilibomoka usiku.
Vibanda vilibomolewa usiku.
Tingatinga zilibomoa vibanda usiku.
Askari wa kaunti walibomoa vibanda usiku.

Usiseme kitu. Mtoto wa Nairobi anajua hicho kitu, wengine wamekiona kwa macho. Uliza: nani anaumia kwa kila sentensi, na nani anabeba lawama? Kwa ya kwanza hakuna mwenye makosa, ni kama vibanda vilichoka vikaanguka. Kwa ya pili kuna mtu amefanya lakini amefichwa, kitenzi kinakwambia yupo na hakikuonyeshi. Ya tatu imempa lawama mashine, kana kwamba hakuna dereva wala aliyemtuma. Ya nne imetaja watu, ingawa bado haijasema waliotoa amri. Na zote nne zinaweza kuandikwa kuhusu usiku ule ule mmoja.

Baada ya hapo wape kazi ya kuchukua habari yoyote ya gazeti wapige mstari vitenzi vyenye kauli ya kutendwa na waulize kila kimoja, "na nani?" Watarudi wamewaka. Fanya vivyo hivyo kwa -nge- na -ngali-, kwa -ki-, kwa hu-. "Hunipiga" na "alinipiga" si malalamiko ya uzito mmoja.

Kuna mtihani. Hii njia itawasaidia na KCSE ama ni ya kupendeza tu?

Itawasaidia sana. Angalia karatasi ya pili ya Kiswahili, ufahamu una alama 15, na swali la mwisho huwa ni eleza maana ya maneno *kama yalivyotumika* katika kifungu. Hayo maneno mawili, "kama yalivyotumika", ndiyo yanayowaangusha, wanaandika maana ya kamusi waliyoikariri, kumbe kwa kifungu neno limetumika kwa njia nyingine. Ufupisho nao ni alama 15, na huwezi kufupisha kitu ambacho hukuona kilichobeba uzito.

Kwa karatasi ya tatu kuna dondoo. "Eleza muktadha wa dondoo hili, alama 4." Watoto wamefundishwa kama dawa: msemaji, msemewa, mahali, sababu. Hizo alama nne wanazipata, vizuri. Sehemu zinazofuata ndizo zinazowashinda, pale wanaulizwa tamathali iliyotumika ama sifa za msemaji kwa kuzingatia hayo maneno. Wanaacha dondoo lenyewe wanakimbia kuandika kila wanachojua kuhusu huyo mhusika kutoka ukurasa wa kwanza. Wafundishe kukaa ndani ya dondoo kwanza. Kama msemaji amesema "hata wewe", hilo "hata" linaonyesha alikuwa anamtarajia huyo mtu awe tofauti na wengine, hapo umepata uhusiano wao bila kutoka nje ya mstari.

Walioingia kidato cha kwanza 2024 ndio watakaofanya KCSE ya mwisho 2027, na nyuma yao wako wa mtaala mpya ambao Gredi ya 10 imeanza Januari 2026. Mfumo unabadilika, kifungu na mtoto wanabaki wale wale.

Wanasoma miongozo badala ya vitabu vyenyewe. Nikataze?

Kukataza hakusaidii, miongozo inauzwa kila duka la vitabu, na ukishuka Tom Mboya Street utaipata ya mtumba imetandazwa chini kwa bei ya nauli. Ninachofanya ni kuibadilisha iwe kifungu cha kuchunguzwa. Tunachukua sentensi moja ya mwongozo, mfano "mhusika huyu ni mwenye tamaa", tunafunga mwongozo, tunafungua kitabu, kila mtu atafute ushahidi mmoja wa kuiunga mkono na mmoja wa kuipinga. Mara nyingi wanapata mahali ambapo mhusika anafanya kinyume kabisa, na furaha wanayopata wakigundua mwongozo umeruka kitu, hiyo peke yake inawarudisha kwa kitabu.

Vivyo hivyo na akili unde ya simu. Watoto wanaomba muhtasari wa sura na wanapewa kwa sekunde. Waambie wauweke huo muhtasari kando ya sura, watafute kitu kimoja kilichoachwa nje ambacho kinabadilisha maana, na kitu kimoja kilichoongezwa ambacho hakiko. Muhtasari haukuachii zile "tena" na "bado", unakuambia Juma hakurudi nyumbani na mambo yameisha.

Darasa langu ni la wanafunzi zaidi ya sitini na vitabu ni vichache. Hii njia si ya shule kubwa kubwa?

Hapana, kifungu cha mistari mitano kinaingia ubaoni. Kinaingia manila pepa. Na kama huna hata fotokopi, tumia imla: unawasomea polepole, wanaandika kwa daftari. Watu wameidharau imla lakini ni usomaji wa polepole kabisa, mkono unapita kwa kila neno, kila koma, na kila mtu anabaki na nakala yake. Wakimaliza wanabadilishana na jirani wanasahihishana, na hapo tayari wameshasoma mara tatu.

Kama uko karibu, wapeleke pia maktaba. McMillan pale mjini ipo tangu 1931, na matawi ya Kaloleni na Makadara yako katikati ya mitaa wanakotoka hawa watoto.

Wanaongea Sheng muda wote, msamiati wao ni mdogo. Si wajifunze maneno kwanza?

Ukingoja wamalize maneno hutaanza. Na Sheng si adui hapa. Kuna zoezi moja: wape aya ya Kiswahili sanifu waiandike kwa Sheng, kama wanavyoweza kumpigia beshte yao hiyo stori. Watacheka, waache. Halafu linganisheni mstari kwa mstari, nini kimepotea? Nini kimeongezeka? Ile heshima mhusika aliyompa mzee imeenda wapi? Unakuta mtoto anakwambia "mwalimu, hapa kwa Sheng haiwezekani kuonyesha kwamba anaogopa", kisha mwenzake anampinga, inawezekana, na anaonyesha vipi. Hao wawili wanajadili toni na hujawafundisha hilo neno bado.

Kuhusu neno gumu, wasikimbilie kamusi. Wakisie kwanza kwa maneno yaliyolizunguka, waandike makisio kwa penseli pembeni, *halafu* kamusi.

Silabasi itaisha kweli?

Kipindi kimoja kwa wiki, basi. Sisemi kila kipindi kiwe hivi. Setibuku ina kurasa nyingi na nyingine unazipita haraka, hiyo ni sawa, hata msomaji mzuri hapunguzi mwendo kila mahali. Wewe ndiye unachagua ni ukurasa gani wa kusimama.

Mimi ni mzazi, si mwalimu. Naweza kumsaidia nyumbani?

Ndiyo, na huhitaji kitabu. Ikija meseji kwa simu yako ya "nimekutumia 3500 kimakosa tafadhali nirudishie", mpe mtoto simu aisome kabla ya wewe. Imetoka wapi, ni kutoka MPESA ama ni namba ya mtu? Iko na salio lako jipya, na hilo salio linalingana na uliyokuwa nayo? Imeandikwa vile zile zingine zimeandikwa? Mbona ina haraka hivyo? Hayo ni maswali yale yale ya kifungu cha Juma. Fanya hivyo na mkataba wa nyumba, na masharti ya mkopo wa simu kabla ya kubonyeza "kubali", na karatasi ya dawa. Muulize tu, "imeandikwa wapi?"

Hesabu pia, ile ya maneno. Walimu wa hesabu wananiambia mtoto anajua kugawanya vizuri na bado anakosa kwa sababu hakuliona neno "waliobaki".

Nasahihishaje aya sitini kila wiki?

Usisahihishe zote. Chukua safu moja ya madawati wiki hii, nyingine wiki ijayo, na hao wengine wabadilishane madaftari, kila mmoja apige mstari chini ya ushahidi aliopata kwa kazi ya mwenzake na aandike pembeni swali moja. Kwa zile unazosahihisha mwenyewe angalia kitu kimoja: je, kuna neno la kifungu limenukuliwa, na mwanafunzi amesema hilo neno linafanya nini? Kama amenukuu na akaacha hapo, mwandikie "kwa hivyo?" Kama ameeleza bila kunukuu, mwandikie "wapi?" Makosa ya tahajia yazungushie duara na uendelee, hayo yana siku yake. Na ukikuta aya ambayo imeona kitu wewe mwenyewe hukukiona, isome mbele ya darasa siku inayofuata, taja jina la mwenyewe, na mrudi wote kwa kifungu muangalie huo mstari tena.